Jabali bovu la mtaani: kwa nini hupendwa, na vipi lisikuvunje shingo

Wagonjwa wawili ndio walionifanya nishike kalamu juma hili. Wote wawili waliumizwa na jiwe la aina moja, yaani lile jiwe la matumbawe ambalo kisiwa chetu cha Mombasa kimekaa juu yake.

Wa kwanza ni mzee wa miaka 62, mkazi wa Mji wa Kale, mwenye kisukari na shinikizo la damu. Alikuja na wayo uliochanwa na jabali. Wa pili ni barobaro wa miaka 19. Huyu aliletwa akiwa amelazwa juu ya ubao wa mlango, kwa kuwa kliniki yangu ndiyo iliyokuwa karibu. Macho yalikuwa yakiona na ulimi ukisema, lakini miguu haikumsikia. Alinitazama akaniuliza, "Daktari, mbona sijihisi?"

Huyo barobaro sikuweza kumsaidia zaidi ya kumtuliza shingo na kumpeleka hospitali kubwa. Yule mzee nilimtibu vibaya, na nitakueleza nilivyokosea. Katika visa hivi viwili mna funzo kwa kila mtu anayefanya mazoezi mahali ambapo wengine hupadharau.

Jiwe lisilosifika

Watu wapendao kukwea miamba huchagua jiwe. Hutaka jiwe gumu, kavu, lisilokatika mkononi. Hapa Kenya wakwea miamba huenda Lukenya, karibu na Athi River, au Hell's Gate kule Naivasha, na walio hodari zaidi huelekea vilele vya Mlima Kenya. Chama cha wapanda milima cha Kenya kiliundwa mwaka 1949, na wanachama wake wameiandikia miamba hiyo vitabu vya mwongozo, kila njia kwa jina na ugumu wake.

Jabali la Mombasa halina sifa kama hizo. Limejaa matundu na ncha kali kama misumari. Ukilishika, linakukata, ukiliamini, linameguka. Mtu wa bara aliyezoea jiwe la Lukenya akiliona hili atatikisa kichwa na kurudi kwenye gari.

Hata hivyo, nenda jioni moja pale Mama Ngina Drive, uache mihogo na madafu barabarani, utazame chini kuelekea baharini. Au pita nyuma ya nyumba za Mji wa Kale, upande wa bandari ya zamani unaotazamana na English Point. Utawaona vijana, na wakati mwingine watu wazima, wakishuka jabalini kwa miguu na mikono, wakijitosa majini, kisha wakiparamia tena juu, mara kumi, mara ishirini. Safari ya matatu si ndefu kwenda Nyali au Bamburi, ambako mna mchanga mweupe usiomkata mtu. Mbona hawaendi huko?

Kabla ya kulijibu hilo, tulifahamu jiwe lenyewe. Matumbawe ni kazi ya viumbe wadogo wa baharini wanaojenga maskani yao kwa chokaa. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita, maji ya bahari yalikuwa juu kuliko leo, na mahali tunapotembea sasa palikuwa mwamba chini ya maji. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki juu, ukawa kisiwa. Wazee wetu walilichonga jiwe hilo wakajengea nyumba, wakalichoma wakapata chokaa, wakaezeka kwa boriti za mikoko. Wareno nao walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, waliijenga juu ya jabali hilo hilo.

Udhaifu wa jiwe hili unatokana na chokaa yake. Maji ya mvua yana asidi kidogo, nayo hulila jiwe polepole na kuacha matundu na mapango. Chini, mawimbi hulimomonyoa tumbo la jabali mpaka sehemu ya juu ikabaki ikining'inia kama kibaraza kisicho na nguzo. Mizizi ya miti huingia katika nyufa ikazipanua. Siku moja kibaraza hukatika. Ndiyo sababu katika miaka ya karibuni imebidi ujengwe ukuta wa kuzuia mawimbi chini ya Ngome.

Si Mombasa peke yake

Usidhani kupenda jiwe bovu ni ushamba wa watu wa pwani. Kusini mwa Uingereza kuna majabali meupe ya chaki yanayoanguka baharini kila mwaka. Chaki na matumbawe ni ndugu, kwani vyote viwili ni mabaki ya chokaa ya viumbe wa baharini. Wakwea miamba wengi wa huko huyakwepa majabali hayo kama unavyokwepa ukuta uliopasuka. Lakini mwaka 1894 kijana mmoja, Aleister Crowley, alianza kuyakwea pale Beachy Head, akaparamia mpaka ile nguzo ya chaki iliyoitwa Devil's Chimney. Nguzo hiyo ilianguka mwaka 2001, wala haipo tena.

Karibu miaka 90 baada ya Crowley, Mick Fowler, mfanyakazi wa idara ya kodi mjini London, aliyaendea majabali ya Dover. Chaki ilikuwa laini mno kushikwa kwa vidole, basi akaitumia sururu za barafu na viatu vyenye meno ya chuma, akaipanda kama watu wanavyopanda barafu. Milima mizuri ilikuwa mbali na London, na mtu wa ofisini hawezi kufunga safari ya siku nzima kila apatapo nafasi. Chaki ilikuwa karibu, haikuwa na foleni ya watu, na ilimlazimu kutumia akili kwa kila hatua.

Mambo hayo matatu, yaani ukaribu, utulivu na kutumia akili, nimeyasikia pia kwa wagonjwa wangu wa Kibokoni na Kizingo ambao hawajapata kumsikia Fowler.

Kwa nini hupendwa

Tuanze na ukaribu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa humu nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kila siku nawaambia wagonjwa, "Fanya mazoezi." Wanaitikia, wanakwenda zao, na baada ya miezi mitatu uzito ni ule ule. Wachache wanaofanikiwa wana jambo moja linalowaunganisha: mazoezi yao huanzia mlangoni pa nyumba yao. Hayadai nauli, kadi ya uanachama wala viatu vya bei. Ukiweka daraja, foleni ya magari na shilingi mia kati ya mtu na mazoezi yake, atayafanya juma la kwanza na la pili, halafu basi.

Jambo la pili ni akili. Jiwe zuri humruhusu mtu kukwea huku akiwazia deni la duka. Jiwe bovu halimruhusu. Kila mshiko lazima uupime, kila hatua uifikirie, wala njia ya mwaka jana huenda si njia ya mwaka huu. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwachunguza wakwea miamba, miongoni mwa watu wengine, katika kitabu chake cha mwaka 1975. Aliona kuwa kazi inapolingana na uwezo wa mtu, isiwe nyepesi ya kumchosha wala nzito ya kumtisha, mawazo yake yote hukusanyika hapo, naye husahau saa na wasiwasi. Mgonjwa mmoja aliniambia jambo hilo kwa njia yake: "Nikiwa pale jabalini, daktari, sina shida hata moja isipokuwa lile jiwe lililo mkononi mwangu."

Hilo si maneno matupu. Mwaka 2020 watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya watu wenye ugonjwa wa huzuni. Waliokwea kuta fupi pamoja na mazungumzo ya kikundi chini ya wataalamu walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliofanya mazoezi nyumbani peke yao. Lakini zingatia, msomaji: kuta zile zilikuwa fupi, imara, na chini pametandikwa magodoro. Jabali letu halina godoro.

La tatu ni umiliki. Katika mtaa uliobanana kama Mji wa Kale, ambako dirisha lako hutazamana na dirisha la jirani, kijana hana uwanja wake. Kipande cha jabali chini ya nyumba yao ndicho uwanja. Kaka alimfundisha mdogo wake pa kushika na pa kukanyaga, naye kaka alifundishwa na mjomba. Kila pembe ina jina ambalo halimo katika ramani yoyote. Kwa kuwa jabali ni bovu, hakuna mtalii anayelitaka wala mwekezaji anayelizungushia ua kwa haraka. Ubovu wake ndio ulinzi wake. Wahenga wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka mzuri wa mpita njia utaondoka naye, bali mbacha wako uliochakaa utabaki nao.

Kosa langu

Sasa turudi kwa yule mzee. Alipokuja na wayo uliochanika, nilishtuka. Kisukari hupunguza hisia miguuni na kuchelewesha kupona kwa vidonda. Mwenye kisukari akitembea peku juu ya matumbawe aweza kukatwa asihisi, kidonda kikaoza, na mwisho mguu ukakatwa. Nilimsafisha, nikamdunga sindano ya pepopunda, kisha nikampa amri: "Mzee, jabalini usiende tena. Ukitaka mazoezi, nenda Nyali ukatembee mchangani."

Alinitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, mpaka nivuke daraja nimekwisha kuwa mgeni." Mimi nikadhani ni ukaidi wa wazee. Lakini alinitii.

Miezi sita baadaye alirudi pamoja na mkewe. Alikuwa ameongeza kilo 8. Sukari ilikuwa imepanda, na shinikizo la damu limegoma kushuka hata nilipoongeza dawa. Zaidi ya hayo, hakuwa yule mtu niliyemjua. Alijibu kwa neno moja moja. Mkewe ndiye aliyenieleza: "Tangu umkataze, akiswali alfajiri hurudi kulala. Zamani alikuwa akitoka msikitini hupita jabalini, akirudi nyumbani ana maneno na anacheka. Sasa hana neno na mtu."

Mguu niliuokoa, lakini nilikuwa nimemwondolea dawa ambayo duka langu halina. Basi nikamwomba anichukue nikaone. Siku ya pili, baada ya alfajiri, tulikwenda yeye, mjukuu wake na mimi.

Nilichokiona kilinifundisha. Kwanza alisimama juu kitambo akiyatazama maji. Alijua siku ya mwezi, na kwa hiyo alijua maji yamefika wapi na yanaelekea wapi. Kisha aligeuka akashuka kinyumenyume, uso ukielekea jiwe. Kabla ya kuamini mshiko wowote aliugonga kwa ngumi akasikiliza. Pale jiwe liliposikika tupu kama mtungi alipaacha. Hakuvuta jiwe kulielekea tumbo lake; alilikandamiza kuelekea chini. Hakuondoa mkono mpaka miguu yote miwili imetulia. Mjukuu hakuruhusiwa kusimama chini yake. Mahali pamoja alinionyesha alama nyeupe, mpya, kama jeraha. "Hapa palikuwa na ngazi yangu ya miaka mingi," akasema. "Imeondoka masika yaliyopita."

Aliogelea kwa nusu saa karibu na ukingo, akapanda, akakaa akitweta na kutabasamu. Niliona kwamba nilikuwa nimemkataza asiende mahali ambapo yeye alipajua vizuri kuliko nilivyojua mimi kifua chake.

Tulikubaliana upya. Atakwenda, lakini kwa viatu vya raba vyenye soli nene, majini na nje. Atachunguza nyayo zake kila siku, pamoja na kati ya vidole, na mkewe atamsaidia kutazama. Atabeba peremende mfukoni, kwa kuwa dawa za kisukari pamoja na mazoezi huweza kuishusha sukari ghafula. Hatakwenda peke yake. Siku ya mvua na siku ya bahari kuchafuka atatembea barabarani. Baada ya miezi kadhaa uzito ulipungua na shinikizo likateremka. Dawa hakuziacha, wala simshauri mtu aache dawa zake. Lakini maneno yake na kicheko chake vilirudi.

Shingo ya barobaro

Yule barobaro hakuwa mwenyeji wa jabali alilorukia. Siku iliyotangulia, kiasi cha saa kumi na moja jioni, aliwaona vijana wa pale wakijirusha kutoka juu, maji yakiwa yamejaa tele. Kesho yake alikuja na marafiki zake saa tano asubuhi. Ilikuwa siku ya bamvua. Wenyeji hawakuwapo, nao walikuwa na sababu ya kutokuwapo. Mwenzake mmoja alishika simu ili ampige picha. Akajirusha kwa kichwa.

Msomaji, hapa Mombasa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mahali palipokuwa na kina cha mita 4 jioni, saa sita baadaye pengine hapafiki mita 1. Maji ya rangi moja, jabali lile lile, jua lile lile. Wahenga hawakukosea waliposema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Fikiria pia mwendo. Mtu akianguka kutoka mita 5 hufika majini kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa hivi. Kutoka mita 10, ni kilomita 50 kwa saa, mwendo wa matatu barabarani. Kichwa kikigonga mwamba husimama, lakini kiwiliwili bado kinakuja nyuma yake kwa mwendo huo. Kilichopo kati yao ni shingo. Pingili moja huvunjika, na vipande vyake huuponda ugwe wa mgongo, yaani ule mkusanyiko wa mishipa ya fahamu unaopeleka amri za ubongo mwilini. Ugwe huo ukikatika, hakuna dawa wala upasuaji unaoweza kuuunga kama ulivyokuwa. Ukipondwa shingoni, mtu hupoteza miguu, mara nyingi na mikono, na uwezo wa kuzuia haja. Ukipondwa juu zaidi, hata pumzi hukoma.

Wavuvi waliokuwa karibu ndio waliomtoa majini. Walimwelea kwa maji, wakamlaza juu ya ubao bila kumkunja. Naamini ustadi wao ndio uliomwachia matumizi ya mikono yake. Leo anatembea kwa kiti cha magurudumu. Alinipa ruhusa nikieleze kisa chake, na aliniomba niongeze neno hili: hakunywa kitu siku hiyo, wala hakuwa mjinga. Alidhani tu kwamba mahali alipopaona mara moja amekwisha kupajua.

Tofauti kati ya mzee na barobaro si umri tu. Mmoja alikuwa na elimu ya mahali, mwingine alikuwa na ushujaa bila elimu hiyo. Jabali baya humsamehe mwenyeji makosa madogo, lakini mgeni haliwezi kumsamehe.

Ushauri wa jabalini

Sikuambii uende kukwea majabali. Ikiwa huendi, tembea, panda ngazi, ogelea mahali penye mchanga. Lakini ikiwa wewe au mwanao mnakwenda, nami najua wengi mnakwenda, basi shikeni haya.

Kwanza, mtafute mwenyeji wa pale, mkubwa wako, umwombe akuonyeshe njia, mara tatu au nne, kabla hujajaribu peke yako. Gonga jiwe kabla ya kuliamini. Usivute kuelekea kwako, kandamiza chini. Sehemu tatu za mwili ziwe imara ndipo ya nne isogee. Usishike mti wala mzizi uliomea katika ufa. Usisimame chini ya mwenzako, wala usipumzike chini ya kibaraza cha jabali, hasa wakati wa masika na vuli na siku chache baada ya mvua kubwa. Kusi linapovuma na mawimbi yakipiga ukingoni, kaa juu utazame tu.

Kuta za Ngome na za nyumba kongwe usizikwee kamwe. Ngome iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011 na inalindwa kisheria. Tena lipu yake haijui uzito wako.

Pili, usiingie majini kwa kichwa. Narudia: usiingie majini kwa kichwa kutoka jabalini, hata kama jana uliingia salama. Ingia kwa kushuka. Anayesisitiza kuruka, naashuke kwanza apime kina na kuangalia mawe siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, kisha aruke kwa miguu, na asiruke kutoka juu sana, maana hata kwa miguu watu huvunjika visigino na kiuno. Aliyekunywa pombe au aliyekesha na muguka asikaribie ukingo. Na asiwepo mtu wa kuogelea peke yake.

Mwenzako akiumia

Mtu akijirusha akaibuka analalamika shingo, anahisi ganzi au sindano mikononi na miguuni, au hawezi kusogea, chukulia kwamba shingo imevunjika. Usimvute kwa mikono wala kumketisha. Muelezeni maji yambebe, uso ukiwa juu, kichwa na kiwiliwili katika mstari mmoja. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, wengine wapitishe ubao mpana chini yake. Mkimtoa, kichwa kisigeuzwe, na apelekwe hospitali akiwa amelala hivyo hivyo, si katika tuktuk amekunjwa kama gunia.

Lakini ikiwa hapumui, pumzi hutangulia shingo. Mtoeni majini upesi, mfungueni mdomo, mpulizieni pumzi mdomo kwa mdomo na kumkandamiza kifua, huku mwingine akitafuta gari.

Vidonda vya matumbawe

Mkato wa matumbawe huonekana mdogo, lakini ndani hubaki chembe za chokaa na uchafu wa bahari. Ndiyo maana huchukua majuma kupona. Uoshe kwa maji safi mengi na sabuni mara tu utokapo, na usugue taratibu mpaka chembe zitoke, hata kama inauma. Kisha ufunike kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, majivu, kahawa wala mafuta ya taa. Kila juma natoa vitu hivyo katika vidonda vya watu.

Ikiwa umepita miaka 5 tangu sindano yako ya mwisho ya pepopunda, au huikumbuki, nenda ukadungwe. Na ukiona wekundu unaenea, malengelenge, usaha au homa, usingoje kesho. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini asingoje hata dalili hizo. Aende kwa daktari siku ile ile, kwa kuwa baadhi ya vijidudu vya maji ya chumvi huwashambulia watu hao kwa kasi ya kutisha.

Neno kwa wazazi na kwa sisi madaktari

Mzazi, ukimkataza kijana wako jabali moja kwa moja, huenda atakwenda kwa siri, saa ambayo wajuzi hawapo. Heri umpeleke kwa mjuzi. Mfundishe kuogelea. Mfundishe kuhesabu siku za mwezi na kujua maji ya bamvua na maji mafu, elimu ambayo babu zetu walikuwa nayo na ambayo sasa inatupotea mikononi huku tumezungukwa na bahari.

Sisi madaktari nasi tusiwe wepesi wa kusema "acha" kabla hatujauliza, "Unakwenda wapi, na unapata nini huko?" Mimi nilijifunza swali hilo nikiwa nimekwisha kufanya kazi miaka mingi, tena nilifundishwa na mgonjwa.

Jumapili iliyopita nilipita tena pale chini baada ya alfajiri. Mzee alikuwa juu ya jiwe lake, viatu vya raba miguuni, akimwonyesha mjukuu namna ya kugonga na kusikiliza. Aliponiona aliinua mkono akasema, "Daktari, leo maji yanatoka. Leo tunatazama tu."